Kabla ya Kupanda Basi la Ziara ya Mafunzo

Majaruba yetu ya Mabogini, yaani vipande vya shamba la mpunga vilivyozungushiwa matuta, chini kidogo ya mji wa Moshi, yamezoea wageni. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi ilijengwa kwa msaada wa Japani katika miaka ya 1980, mbegu ya mpunga iliyotamba hapa wakati ule ilikuwa IR54 kutoka taasisi ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino, na chuo cha mafunzo ya kilimo cha KATC kilichofuata kimefundisha wakulima na maofisa ugani, wakiwamo wa nchi nyingine za Afrika. Nimekuwa mwenyeji na nimekuwa mgeni, kwa hiyo kama kikundi chako kinajiandaa kwenda kujifunza ugenini, au kumpokea anayekuja kujifunza kwako, naomba unisikilize kidogo.

Mwaka 1978, mjini Buenos Aires, mataifa 138 yalipitisha mpango wa nchi zinazoendelea kusaidiana kiufundi zenyewe kwa zenyewe, na Mwalimu Nyerere baadaye aliiongoza Tume ya Kusini, yaani ya nchi zinazoendelea, kwa mawazo hayohayo. Hoja hiyo naiunga mkono. Shambani, hata hivyo, haitoshi kusema kwamba fulani naye ni mkulima mdogo kama mimi, basi mbinu yake itanifaa.

Mimi nilijifunza hilo kwa hasara ya robo eka. Tulikwenda Mkindo, Morogoro, kuona kilimo shadidi cha mpunga, mbinu iliyoanzia Madagaska, ambako padri Mfaransa, Henri de Laulanié, aliifanyia kazi pamoja na wakulima katika miaka ya 1980, kisha ikasambaa hadi India na Indonesia. Miche hupandikizwa ikiwa na siku 8 hadi 12, mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25, na maji huingizwa na kukaushwa kwa kupokezana badala ya kutuama msimu mzima. Nilirudi na daftari lililojaa vipimo na simu iliyojaa picha, nikapandikiza wiki hiyohiyo.

Jaruba langu halikuwa limesawazishwa vizuri. Zamu ya maji ikaangukia usiku wa tatu, na kwenye mfereji wetu huwezi kuyakataa maji leo ukayadai kesho. Miche iliyokuwa myembamba kama sindano ikazama upande mmoja, na upande wa pili udongo ukapasuka kabla zamu nyingine haijafika, huku magugu yakiuwahi mpunga. Mama mkwe wangu alisimama juu ya tuta, akatazama kwa muda, akauliza, “Mwanangu, hiki ni kitalu au ni shamba?”

Mbinu haikuwa na kosa. Kule Mkindo sikuuliza nani anafungua maji, kila baada ya siku ngapi, jaruba linasawazishwa kwa kutumia nini, wala mashine ya kupalilia ikivunjika inatengenezwa na nani. Aliyeweza kuuliza hayo ni mgawa maji wetu, lakini yeye hakuwamo kwenye basi, kwa sababu viti vilijazwa na viongozi. Posho ina tabia hiyo. Msimu uliofuata nilikaa naye kwanza, tukawashawishi wenye majaruba ya mfereji uleule tupandikize ndani ya wiki moja, nikatumia miche ya siku 12 kwenye jaruba moja tu lililosawazishwa. Mpunga ukasimama.

Kwa mwenyeji nina ombi moja, nalo ni zito kuliko linavyosikika: waonyeshe wageni pale palipokushinda. Sisi tulikuwa na desturi ya kuwaonyesha majaruba ya kando ya barabara, yaliyopendeza. Wakulima kutoka Malawi walipokuja niliwapeleka hadi mwisho wa mfereji, ambako maji hayafiki vizuri kwa sababu wenzetu wa juu nao walianza kulima mpunga na kuyachota maji ya mto kabla hayajatufikia. Ratiba ilisema tukae hapo dakika kumi. Tulikaa hadi jua likapungua, kwa kuwa nao walikuwa na watu wao wa juu, na walitaka kujua tunagombanaje na tunapatanaje.

Tafuta pia mkalimani anayejua mpunga. Wetu alitafsiri jaruba kuwa bwawa, na mgeni mmoja, kwa heshima kabisa, akauliza tunafuga samaki wa aina gani.

Miezi kadhaa baadaye mgeni huyohuyo alinitumia picha ya kitalu chake, akauliza apandikize siku ya ngapi. Nilimjibu kwamba kabla ya siku za miche, anieleze kwanza zamu yake ya maji inafika lini, na ni nani aliye juu yake.