Maswali ya Wasomaji: Kuku Gani wa Mayai Anafaa Bandani Kwako?

Shikamoo mtaalamu. Nina uwanja mdogo nyuma ya nyumba, una ukuta. Nyumbani tuko sita, watatu ni watoto wadogo wanaoshikashika kila kitu. Nataka mayai ya kula, yakibaki niuzie majirani. Muuza vifaranga ananisukumia Kuroiler, dada yangu anasema Isa Brown, mama mkwe anasema kuku ni wa kienyeji, hao wengine ni maji tu. Nichukue yupi? – Msomaji, Morogoro

Marahaba, mama. Kwenye mchuzi mama mkwe hana mpinzani, lakini wewe umeuliza mayai. Kuku wa kienyeji hutaga 10 hadi 15, huatamia, hutotoa, hulea, ndipo arudi kutaga. Kwa mwaka mzima unaambulia 40 hadi 60. Kuroiler na Sasso, ambao ni chotara wa nyama na mayai, hukupa 150 hadi 200. Isa Brown, kuku wa kisasa wa mayai, akilishwa sawasawa hupita 300.

Kwa upole pia, nyumba yenye watoto mchukulie Isa Brown. Hufuata watu miguuni, na akikaribia kuanza kutaga huchuchumaa ukimwinamia, mtoto anambeba bila vurugu. Kuroiler na Sasso nao ni watulivu, uzito unawazuia kuruka ukuta. Wa kuogopwa ni tetea wa kienyeji mwenye vifaranga: huyo huweza kumrukia mtoto usoni.

Ushauri wangu: chukua Isa Brown wanane, na usinunue vifaranga. Nunua mitamba, yaani majike ambao hawajaanza kutaga, wa wiki 16 hivi. Utalipa zaidi, lakini hutahangaika na joto la kulelea, chanjo nyingi zitakuwa zimekwisha, na wataanza kutaga ndani ya mwezi mmoja au zaidi kidogo. Dai orodha ya chanjo kwa tarehe: kideri, Gumboro na ndui. Ukilazimika kuchukua vifaranga, angalia rangi siku ya kwanza. Isa Brown jike ana manyoya ya kahawia, dume ni mweupe au manjano. Ukiuziwa boksi la weupe watupu ukaambiwa "hawa watabadilika", umeuziwa majogoo.

Sasa gharama. Kila kuku anahitaji gramu 110 hadi 120 za chakula cha kuku wa mayai kwa siku. Wanane wanakula karibu kilo moja, kwa hiyo gunia la kilo 50 linakwenda wiki saba hivi. Kwa chakula hicho utaokota mayai sita au saba kwa siku. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wananunua Isa Brown halafu wanamlisha pumba na makombo kama wa kienyeji. Ganda la yai moja lina gramu 2 hivi za kalisi. Asipoipata kwenye chakula anaichota kwenye mifupa yake. Utaanza kuona maganda laini, kisha kuku anakaa chini hasimami, kisha umempoteza. Weka kopo la chokaa ya mifugo au makombe yaliyopondwa, wajidonolee wenyewe. Maji yasikatike hata nusu siku, kila mmoja anakunywa robo lita, na wakati wa joto maradufu.

Kama gunia hilo hutaliweza kila mara, basi acha Isa Brown, chukua Kuroiler. Huyo hujitafutia majani na wadudu, ukamwongezea gramu 60 au 70 jioni. Usimjaze tu, maana akinenepa mayai hukatika. Na jogoo humhitaji kabisa, mayai ya kula yanatagwa bila yeye.

Habari mhariri. Nina Leghorn 60, wale weupe, kwenye chumba cha mita 3 kwa 3. Wanataga vizuri lakini wanadonoana sehemu ya nyuma, wawili wamekufa utumbo ukiwa nje. Nimeongeza dawa ya minyoo, hakuna mabadiliko. – Msomaji, Nakuru

Minyoo haihusiki hapo, ndugu. Leghorn ni kuku mwepesi, kilo 2 hivi, hula kidogo kuliko wa kahawia na hutaga karibu sawa nao, ila ana wasiwasi: mlango ukigonga, wote wako ukutani. Wewe umewabana 60 kwenye mita 9 za mraba, karibu saba kwa kila mita. Wasizidi watano. Toa 15 au ongeza chumba.

Kudonoana kwa nyuma kunaanzia kwenye kiota. Kuku akishataga, nyama nyekundu ya ndani hutokeza kwa muda mfupi kabla ya kurudi. Kiota kikiwa na mwanga, au akitagia chini kwa kukosa nafasi, wenzake wanaona wekundu huo na kuudonoa. Damu ikitoka, kundi zima linakuja. Kwa hiyo:

Viota viwe kimoja kwa kuku watano, sentimita 30 kwa 30, kimo 35, na uvitundikie pazia la gunia kuukuu ili ndani kuwe giza. Dirisha linaloelekea viota lizibe nusu. Chombo cha chakula kimpe kila kuku sentimita 10, na kwa 45 unahitaji mita 4.5 ukihesabu pande zote mbili. Waliojeruhiwa watenge leo hii, wapake ile dawa ya zambarau ya vidonda, GV, inayoficha wekundu, wasirudi mpaka wapone. Kama unachanganya chakula mwenyewe, pima chumvi (gramu 250 hadi 300 kwa kilo 100) na usipunje dagaa au mashudu, maana upungufu wa protini huwatuma kutafuta manyoya ya wenzao. Tundika sukuma wiki usawa wa kichwa, wapate cha kushughulikia.

Midomo hukatwa wakiwa na siku 7 hadi 10. Kwa hawa wakubwa punguza ncha tu, ukizidisha watashindwa kula.

Nikiwawekea Isa Brown wangu jogoo, si nitatotoa vifaranga vyangu niache kununua? – Msomaji, Bukoba

Vitatoka, lakini hawatakuwa mama zao. Isa Brown ni mchanganyiko wa mbegu za wazazi maalumu. Kizazi kinachofuata hutawanyika, huyu anataga sana, yule kidogo, na ile rangi ya kutofautisha jike na dume inapotea. Tena hawaatamii, utahitaji tetea wa kienyeji, mayai 10 hadi 13 kwa siku 21.

Mtu anayetaka kujizalishia afuge mbegu inayorithisha: Rhode Island Red au Black Australorp, mayai 200 hadi 250 kwa mwaka, wote watulivu. Australorp si wa kubezwa. Huko Australia mwaka 1922–1923 kuku sita wa aina hiyo walitaga mayai 1,857 kwa siku 365, na Malawi imewasambaza vijijini kwa miaka mingi. Jogoo mmoja kwa majike 10, na umbadilishe kila mwaka asije akapanda binti zake.

Jogoo wangu wa Kuchi anampiga mke wangu kila akiingia bandani. Atatulia? – Msomaji, Tanga

Hatatulia, bwana. Kuchi amechaguliwa vizazi na vizazi kwa kupigana, na majike yake hutaga kidogo. Shemeji asimpige kwa fimbo, kwake hiyo ni raundi ya pili. Muuze, Kuchi ana bei. Ukimbakiza, punguza ncha ya kipi, ule mwiba wa mguuni, na watoto wasiingie humo.

Yai la kahawia lina virutubisho kuliko jeupe? – Msomaji, Mombasa

Hapana. Rangi ya ganda ni mbegu ya kuku. Kiini cha manjano wanachokilipia wateja kinatoka kwenye majani na mahindi ya njano. Mpe Isa Brown mchicha kila siku, baada ya wiki mbili hivi kiini kitakuwa kimekolea.