Wadogo zangu, lifuteni hili neno "nitakumbuka"

Jana tumetoka kwenye kikao cha saa nzima, bosi kagawa kazi kwa watu sita, nikawatupia jicho wapya watatu, wote wamekaa mikono mitupu, hamna daftari hamna kalamu, wanatikisa vichwa tu, sawa sawa, sawa bosi. Mlangoni nikamuuliza mmoja, dogo hiyo ripoti yako inatakiwa lini? Akanijibu na tabasamu zuri kabisa, "Alhamisi, au Ijumaa, usijali kaka nitakumbuka." Tumbo likanikaza. Nawapenda nyie, mna akili na spidi ambayo sisi hatukuwa nayo tulipoanza, ila hili neno mtaliacha hata ikibidi niwafuate meza kwa meza.

1. Andika pale pale, kabla hujainuka kwenye kiti.

Ukali wangu hapa una sababu. Mwaka wa pili kazini nilikuwa nasifiwa kwa kumbukumbu, mtu akisahau kitu wananiuliza mimi, na mimi nikaamini. Kulikuwa na dogo mmoja nimemsimamia kwenye mradi miezi kadhaa, mchapakazi haswa, akaja kuniomba barua ya kumpendekeza kwenye skolashipu ya masta. Nikamwambia usijali, natuma leo jioni. Na nilikuwa namaanisha, hilo ndo linaloniuma mpaka leo, sikuwa na roho mbaya wala uvivu. Jioni ikaja kazi ya dharura, nikarudi nyumbani nimechoka nikalala. Kesho yake nikakumbuka nikiwa njiani, nikasema nikifika tu naandika, nimefika nakuta baruapepe thelathini na kitu, nikaanza kuzijibu na ile barua ikayeyuka. Siku ya tatu nikaikumbuka nikiwa naoga! Yaani kichwa changu kilikuwa kinanikumbusha kila mahali isipokuwa mahali penye laptopu.

Ijumaa akanitumia meseji, "Shikamoo kaka, samahani kwa usumbufu, naulizia tu ile barua, mwisho ni Jumapili usiku." Niliisoma nikiwa natembea, nikamjibu "iko njiani". Haikuwa njiani, sikuwa nimeandika hata neno moja, na kwa kuwa nimeshajibu, kichwa kikaihesabu kama imeisha. Jumatatu asubuhi akapiga. Mfumo umeshafungwa, maombi yake yanasomeka hayajakamilika, kila kitu chake kipo isipokuwa kipande changu. Nilikosa cha kusema. Yeye ndo akaanza kunituliza mimi, "hamna shida kaka, labda haikuwa riziki." Angenitukana ningepona haraka zaidi.

Akasubiri mwaka mzima kuomba tena. Safari hiyo nikaiandika siku ile ile aliyoniomba, nikaangalia na saa. Dakika 25. Mwaka wa mtu, kwa kitu cha dakika 25.

Kwa hiyo mkiniona nahangaika na vidaftari mjue vilitoka wapi. Nelson Cowan, mwanasaikolojia, aliandika mwaka 2001 kwamba akili inashika kama vitu 4 hivi kwa mara moja, sasa wewe una kazi kumi na moja, bili, miadi ya daktari na ugomvi na mwenzako, unaviweka wapi vyote? Andika kitendo, nani anakisubiri, na lini. "Ripoti" haitoshi, baada ya siku mbili hutajua ulimaanisha nini. "Kumtumia bosi rasimu ya ripoti, Alhamisi saa nne" hiyo ndo kazi.

2. Listi iwe moja. Programu tano za kupanga kazi kwenye simu ni sehemu tano za kupotezea kazi.

3. Kazi ngumu ifanye asubuhi kabla hujafungua meseji, simu ikiwa mbali na mkono. Ikikushinda kuanza, tega dakika 25 ufanye hiyo tu, halafu pumzika 5. Huu mtindo ni wa Francesco Cirillo, aliuanza mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi, kwa kutumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, ndo maana unaitwa Pomodoro, ni nyanya kwa Kitaliano. Namba yenyewe sio takatifu, kuna mtu anakwenda vizuri na 40. Mimi nimebaki na 25 na nadhani mnaelewa kwa nini.

4. Ukiambiwa kadiria muda, ongeza nusu yake. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliliandika hili tangu 1979, kwamba watu tunapanga kana kwamba hakuna kitakachoharibika, hata pale ambapo kazi kama hiyo ilituchelewesha mara iliyopita. Nyie kila wiki mnaniambia "saa mbili tu kaka" na kila wiki nawakuta jioni mnazungushana na lile faili lile lile.

5. Usingizi, masaa 7 au zaidi. Sitaki kubishana na mtu kwenye hili.

6. Msiache kwa sababu mmekosa siku moja. Hapa ndo mnaniudhi kweli, mnaanza kwa kishindo, daftari jipya, kalamu za rangi, Jumatano mmesahau kuandika, Alhamisi daftari limegeuka la kuwekea kikombe. Mnaambiana tabia inajengeka kwa siku 21, ikifika ya 22 bado ngumu mnajiona mna kasoro. Hamna kasoro. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu waliokuwa wanajenga tabia mpya, matokeo yakachapishwa 2010, wastani ukawa siku kama 66, ila kuna wa 18 na hesabu za wengine zikafika 254. Na waliona kuruka siku moja hakuharibu kitu cha maana. Siku 254! Kwa hiyo wewe wa siku ya tisa tulia, rudi kesho.

7. Kabla hujasema "ndiyo" fungua listi uitazame. Kama haimo nafasi sema siwezi leo, naweza Jumanne. Mtu atakununia dakika mbili halafu atapanga mambo yake, ni "iko njiani" ya uongo ndo inamfunga mikono.

Na wewe wa "Alhamisi au Ijumaa", ni Jumatano, nimekuulizia. Pita mezani kwangu asubuhi, nina daftari la ziada, ukurasa wa kwanza nimeshakuandikia tarehe.