Kesi za Wazungu Waliokufa Zilivyonisaidia Kudai Changu

Juzi kijana mmoja ameniandikia: "Shikamoo dada. Nasoma biashara, mwaka wa kwanza. Somo la sheria ya biashara linanitoa jasho. Kila kipindi ni kesi za Wazungu waliokufa zamani, mara konokono kwenye chupa, mara mama aliyeugua mafua. Mimi nataka kufungua kampuni, sitaki uwakili. Nifanyeje nilimalize tu?"

Marahaba, mdogo wangu. Umenikuta nimetoka kushinda kesi, na nakiri kwamba nakala ya hukumu bado naitembeza kwenye mkoba na kuitoa hata mahali ambapo sijaulizwa. Kwa hiyo utanivumilia.

Nashona sare. Walinzi, wahudumu, mafundi, yeyote anayetaka watu wake wavae sawa. Aliyenipa ile kazi tulisoma pamoja, na kwenye simu hakuwahi kuniita kwa jina. Dada fanya haraka. Dada niongezee mashati. Dada hela inaingia Ijumaa. Ijumaa zikaja, zikapita, mwishowe simu zangu akawa hapokei. Nilipompelekea barua ya madai akajibu kwamba hatukuwahi kukubaliana chochote, tulikuwa "tunaongea tu", tena nguo zenyewe ni mbovu. Kisha nikaletewa utetezi wake alioupeleka mahakamani. Mle ndani udada ulikuwa umeshakwisha, nimeandikwa "mdai huyu anayetaka kujinufaisha". Nimemsamehe. Kusahau bado, na msinihimize.

Sasa turudi kwa huyo mama wa mafua unayemchoka.

Mwaka 1891 kampuni moja ya London, Carbolic Smoke Ball, ilitangaza gazetini kwamba mtu akitumia kifaa chao cha kuvuta moshi mara tatu kwa siku kwa wiki mbili, kisha akapata mafua, atalipwa pauni 100. Ili waaminiwe wakaongeza kwamba pauni 1,000 zimeshawekwa benki. Louisa Carlill akanunua, akatumia kama alivyoelekezwa, na mafua yakampata vilevile. Akadai pauni zake. Kampuni ikaja na majibu ambayo kila mdaiwa anayajua: lile tangazo lilikuwa mbwembwe za biashara, na isitoshe wewe mama hukutuarifu kwamba umekubali ofa yetu. Mahakama ya Rufaa, Desemba 1892, ikazitupa hoja zote mbili. Anayetoa ahadi kwa umma na kuiwekea masharti amefungwa na yeyote atakayeyatimiza, na kule kuyatimiza ndiko kukubali kwenyewe. Kuhusu mbwembwe, zile pauni 1,000 ndizo zilizowaumbua. Mtu anayefanya mzaha haendi kuweka hela benki.

Umeona? Siku wakili wangu aliponiuliza, "Huyu bwana alifanya nini ambacho mtu anayeongea tu asingefanya?" nilijibu kabla hajamaliza sentensi. Alilipa kianzio. Alituma orodha ya walinzi wake, kila mmoja na kipimo cha kifua na urefu wa mguu. Nani anapiga soga mpaka kwenye kipimo cha mguu wa mlinzi wa zamu ya usiku? Wakili akanitazama, akauliza nimesomea wapi. Niseme ukweli, nilivimba kichwa.

Upande wa pili nao walikuwa na kesi yao. Walisema sisi ni kama ndugu, na ahadi za watu wa karibu si mkataba. Hilo lina msingi, ndiyo maana nakwambia usome kesi zote mbili kwa pamoja. Mwaka 1919 mahakama ya Uingereza ilimkatalia Bi. Balfour, ambaye mumewe aliondoka kurudi kazini Ceylon (sasa Sri Lanka) na kumwahidi pauni 30 kila mwezi. Majaji walisema mapatano ya mke na mume waliokuwa wakiishi kwa amani hayakufanywa kwa nia ya kufikishana mahakamani. Lakini kanuni hiyo ni ya mambo ya nyumbani. Kwenye biashara mambo yanageuka: inachukuliwa kwamba mlikusudia kufungana, na anayesema hamkukusudia ndiye wa kutoa ushahidi. Mtu aliyekuita dada huku anaagiza mashati hajageuza oda kuwa ahadi ya nyumbani. Urafiki wake aliukumbuka siku ya kulipa.

Konokono nitampitia haraka. Mwaka 1928, mjini Paisley, Uskoti, Bi. Donoghue alinunuliwa na rafiki yake soda ya tangawizi kwenye chupa isiyoonyesha ndani. Akadai kwamba mlitoka konokono aliyeoza na kwamba aliugua. Tatizo ni kwamba aliyenunua ni rafiki, kwa hiyo yeye mnywaji hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Mwaka 1932 Bunge la Malordi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa, liliamua kwa Malordi watatu dhidi ya wawili kwamba mtengenezaji ana wajibu wa kuwa mwangalifu kwa mtumiaji wa mwisho hata kama hakumuuzia yeye. (Konokono mwenyewe hakuwahi kuthibitishwa mahakamani. Malordi waliulizwa tu: kama hayo ni kweli, je, mama huyu ana madai?) Mlinzi anayevaa shati langu hakulinunua kwangu. Nikiacha pini kwenye ukosi, ikamchoma jicho, sitajitetea kwamba mteja wangu ni bosi wake. Ndiyo maana karakana yangu ina sumaku ya kukagulia pini, na mafundi wananicheka.

Kuhusu mahakama zenyewe, jambo la kushika kwanza ni hili: watu watakushauri ukamshitaki mdeni wako polisi. Deni peke yake ni kesi ya madai, si jinai. Kwenye jinai, upande wa mashtaka lazima uthibitishe bila kuacha shaka ya maana. Kwenye madai inatosha kuonyesha kwamba maelezo yako yanaelekea zaidi kuwa kweli kuliko ya mwenzako. Mzigo wa kuthibitisha unaanza kwako unayedai. Hapo ndipo watu wenye haki wanapoangukia. Wanaingia wakiwa na uchungu mwingi na karatasi hakuna.

Mambo ya kuahirishwa sikuelezi, utayaona mwenyewe.

Siku ya kusikilizwa nilikuwa nimejiandaa kueleza yote, tangu tulivyokuwa shuleni. Hakimu, mama mmoja mwenye sauti ndogo, hakuyataka. Alichukua hati ya kupokelea mzigo, ile ya kawaida yenye nakala ya waridi, akaigeuzia upande wa mdaiwa. Juu ya muhuri wa bluu, kwa mwandiko wa mkono, palikuwa na maneno: "Zimepokelewa zote, ziko sawa."

"Mwandiko huu ni wa nani?"

"Ni wangu, Mheshimiwa, lakini wakati ule nilikuwa sijazikagua."

"Na uliandika ziko sawa."

Hakimu akawa anaandika. Mimi na uchungu wangu wa miaka ya shule tulikaa kimya, na ilikuwa kimya kitamu sana.

Lakini sikushinda zote, na hapa ndipo somo lako linapoingia kwenye maadili, ile sura ambayo wanafunzi huiruka kwa sababu inaonekana kama mahubiri. Mzigo wa mwisho dereva wake alikuja kuuchukua usiku, akaondoka bila kusaini. Kabla ya kesi, ndugu yangu mmoja akaniambia, "Andika hati nyingine, saini yake unaijua." Nakiri kalamu niliishika. Mzigo ulikwenda kweli, deni ni la kweli, kwa hiyo uongo ungekuwa kwenye karatasi tu, si ndiyo? Sikuandika. Mahakama ikaniambia mzigo ule sikuuthibitisha, sehemu hiyo ya madai ikatupwa, na mpaka leo nikiona mtu kavaa shati la kitambaa kile moyo unanichoma.

Hebu mfikirie Arthur Andersen, kampuni ya ukaguzi wa hesabu iliyokuwa miongoni mwa kubwa tano duniani. Mteja wake, kampuni ya nishati ya Enron, aliporomoka mwaka 2001, na wafanyakazi wa Andersen walikuwa wameharibu nyaraka zinazohusu ukaguzi wake. Mwaka 2002 kampuni ya Andersen ikatiwa hatiani kwa kuvuruga uchunguzi. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani, majaji wote kwa kauli moja, ikaitengua hatia hiyo kwa sababu baraza la wazee wa mahakama lilielekezwa vibaya kuhusu sheria. Kwa hiyo kisheria walishinda. Wateja walikuwa wamekwishaondoka, na wafanyakazi nao wametawanyika. Nyie mnaotaka kufungua kampuni mniambie, ushindi wa namna hiyo unaupeleka wapi? Sheria ndiyo sakafu ya chini kabisa. Mtu anayeuliza kila mara "je, hii ni kosa kisheria?" ameshaanza kutafuta mlango wa nyuma, na wateja wananusa. Ogopeni kalamu zenu, vijana. Ogopeni kuliko mnavyoogopa mtihani.

Ule mtihani wako nao, mdogo wangu, soma mkasa kabla ya kanuni. Nani aliahidi nini, nani alipokea nini, nani anasema hapana. Kisha jiulize ingekuwaje kama ni wewe unayedai. Kanuni itakaa yenyewe. Na katika biashara yako andika: bei, idadi, siku, nani kapokea. Narudia, andika. Ujumbe wa simu nao mahakama nyingi siku hizi zinaupokea, lakini utatakiwa uonyeshe kwamba ni wa nani na haujachezewa, kwa hiyo usifute mazungumzo kwa hasira kama wengi wanavyofanya urafiki ukivunjika.

Jamaa alitoka mahakamani akitangaza atakata rufaa. Ni haki yake. Ila rufaa si kuigiza kesi upya. Kwa kawaida mahakama ya juu haisikilizi mashahidi tena, inasoma kumbukumbu za mwenendo na kuuliza kama mahakama ya chini ilikosea, hasa kwenye sheria. Mwandiko wake mwenyewe utakuwa mle mle kwenye kumbukumbu. Mpaka muda wa kukata rufaa umekwisha sikuona karatasi yoyote kutoka kwake.

Na kushinda si kulipwa. Hili darasani wanaligusa kidogo mno. Hukumu haitembei yenyewe mpaka kwenye akaunti yako. Asipolipa unarudi kuomba ikazwe, yaani itekelezwe, na mahakama inaweza kuamuru mali yake ikamatwe na kuuzwa, au fedha ambazo yeye anamdai mtu mwingine zije kwako, au alipe kwa awamu. Wangu aliomba awamu. Ya kwanza ameleta, ya pili imechelewa. Ombi la kukamata lile gari lake la kubebea mizigo limeshaandaliwa, liko kwa wakili, limebakia saini yangu.