Kabla ya kufunga themostati ukutani, fungua kwanza mashine uone nyaya zake

Kaskazi ikianza kuchoma, Desemba mpaka Machi, swali moja hunijia mara nyingi kuliko yote: "Fundi, kaka yangu aliyeko Marekani kaniletea themostati ya kisasa, unaiendesha kwa simu. Njoo unifungie." Jibu langu huwa lile lile, na huwa nalitoa hata kabla sijauliza nyumba iko wapi: iache kwenye boksi. Nitumie kwanza picha ya kibandiko kilichopo ubavuni mwa mashine ya nje, na picha nyingine ya pale nyaya zinapoingia kwenye mashine ya ndani. Picha hizo mbili zinaniambia kama kuna kazi ya kufanya au hakuna.

Nafanya kazi ya umeme na AC hapa Tanga mjini, na ninayoandika hapa ndiyo ninayowaeleza wateja wangu tukiwa tumesimama chini ya mashine.

Themostati ni swichi. Kinachoitofautisha na swichi ya taa ni kwamba inahisi joto la chumba, ikajiwasha na kujizima bila mkono wa mtu. Kazi hiyo haijabadilika tangu mwaka 1883, pale mwalimu Warren Johnson wa Wisconsin, Marekani, aliposajili hataza ya themostati ya umeme ya chumba. Kioo cha kugusa, waifai na programu ya simu vimekuja baadaye, lakini ndani mna swichi tu. Na swichi yoyote ile, kabla hujaifunga, ni lazima ujue inakwenda kukata umeme wa aina gani.

Nyumba nyingi za Marekani zina mashine moja inayopooza na kupasha nyumba nzima kwa njia ya mabomba ya hewa. Ndani ya mashine hiyo mna transfoma inayoshusha umeme hadi volti 24, na hizo ndizo zinazofika ukutani kwenye themostati. Ukifungua kifuniko unakuta herufi. R ni umeme unaoingia, C ni njia yake ya kurudi, Y inaita kompresa, G inaita feni, W inaita joto. Sisi huku umeme wa nyumbani ni volti 230, na AC zetu nyingi ni split: mashine moja ndani, moja nje. Split ina sensa yake ndani ya mashine, ina bodi yake ya umeme inayoiongoza, na amri inaipata kwa rimoti. Humo huikuti R wala Y. Mtu akichukua waya wa moto wa volti 230 akauingiza pale palipoandikwa R, themostati inaungua hapo hapo, na kama boksi lake ni la plastiki hafifu, moto unaweza kushika ukuta.

Tuje kwenye rangi, maana hapa ndipo ninapoona hatari kubwa zaidi. Nyumba za zamani, na Ngamiani ziko tele, mwekundu ndio waya wa moto na mweusi ndio nyutro. Nyumba mpya zinatumia kahawia kwa moto, buluu kwa nyutro, na kijani chenye mstari wa njano kwa ethi. Marekani mambo ni mengine: kwenye umeme wao wa nyumbani mweusi ndio wenye moto na mweupe ndio nyutro, na kwenye nyaya zao nyembamba za themostati kijani huwa cha feni. Sasa chukua kijana aliyejifunza kwa video za Marekani, anafungua boksi la ukutani kwenye nyumba ya babu yake, anakuta mwekundu na mweusi. Ataushika mwekundu akijua ni ule mwembamba wa volti 24. Au anakuta kijani anakifunga kwenye G, kumbe ameifunga ethi ya nyumba nzima kwenye feni. Ukiongeza na vile vyumba vya uani vilivyojengwa miaka mingi baadaye na fundi mwingine, mara nyingi nyumba moja ina rangi za zamani na rangi mpya, na zimeunganishwa darini ambako hakuna anayeziona. Kwa hiyo mimi sifuati rangi hata siku moja. Nazima breka, nabandika karatasi ya "usiwashe", kisha napima kwa multimita kati ya kila waya na mwenzake, na kati ya kila waya na ethi. Testa ya bisibisi haitoshi kwa kazi hii. Inaweza kuwaka kwa umeme wa kupita tu, na inaweza kugoma kuwaka ukiwa umesimama juu ya ngazi ya mbao umevaa viatu vya mpira. Na kapasita ya mashine ya nje hubaki na chaji hata baada ya umeme kuzimwa, usiitie mkono.

Kama AC yako ni split na haja yako ni kuiendesha kwa simu, sahau themostati ya ukutani. Viko vifaa vidogo vinavyotumia chaja ya kawaida ya simu, vinajifunza ishara za rimoti yako na kuzirusha kwenye AC. Kikae mahali panapoitazama mashine moja kwa moja, kisifichwe nyuma ya televisheni wala ndani ya kabati. Hufungui hata skrubu moja. Njia ya pili ni kununua kidhibiti cha waya au kifaa cha waifai cha kampuni ile ile iliyotengeneza AC, kwa namba ile ile ya modeli iliyoko kwenye kibandiko. Kufanana kwa umbo hakutoshi.

Themostati ya ukutani ina nafasi yake kwenye nyumba zenye mashine iliyofichwa darini na kupuliza kwa mabomba, na ziko kadhaa upande wa Raskazone. Hapo napo kuna aina mbili, na zisikuchanganye. Ya kwanza inapitisha volti 230 yenyewe: ina L ya waya wa moto na N ya nyutro, kisha vichwa vitatu (pale waya unapobanwa kwa skrubu) vya spidi za feni, na kimoja cha valvu ya maji baridi. Ya pili ina nyaya mbili au nne nyembamba zinazobeba mawasiliano tu, kwa volti ndogo sana, kati ya ukuta na bodi. Nyaya hizo nyembamba zisipitishwe kwenye paipu moja na waya wa umeme mkubwa. Zikikaa pamoja, bodi hupokea amri ambazo hakuna aliyezitoa, na shoti moja ikitokea ndani ya paipu, bodi inaondoka. Bodi ya AC kwa Tanga ni kuisubiri kutoka Dar, na familia inalala kwenye joto.

Mahali pa kuiweka ndipo panapoamua kama mashine itapumzika au haitapumzika. Kimo kizuri ni kama mita moja na nusu kutoka sakafuni. Usiiweke ukuta unaopigwa na jua la jioni, karibu na mlango wa jiko, nyuma ya pazia, juu ya friji, wala pale AC yenyewe inapopuliza.

Bibi mmoja wa Chumbageni alinipigia. Nilipofika, hata shikamoo hakuisubiri iishe.

"Marahaba mwanangu. Njoo uone, mashine hii hailali. Natia LUKU asubuhi, magharibi uniti zimekwisha."

Chumba kilikuwa baridi vya kutosha, yeye mwenyewe kajifunika khanga mbili. Themostati ukutani ilikuwa inasoma 31. Nikaweka kipimajoto changu mezani, katikati ya chumba: 25. Gesi ilikuwa sawa, chujio safi, kompresa nzima. Nikafungua kifuniko cha themostati, nikasogeza kidole kwenye tundu la paipu nyuma yake, nikahisi hewa ya moto inanipuliza kwenye kucha. Paipu ile ilikuwa inapanda moja kwa moja hadi darini, chini ya bati. Hewa iliyopikwa na bati mchana kutwa ilikuwa inateremka kwenye paipu na kuipiga sensa, na themostati ikaamini chumba chote kiko hivyo. Niliziba tundu kwa silikoni kuzunguka nyaya, nikaacha nusu saa. Ikashuka hadi 26, na mashine ya nje ikazima. Bibi akasimama sebuleni anasikiliza kimya kile, akaniuliza kama nimeiharibu.

Tangu hapo sifungi kifuniko kabla sijaziba tundu. Ni kazi ya dakika mbili, na naiona imerukwa kwenye nyumba nyingi.

Hewa ya bahari nayo ina mambo yake. Chumvi inakula shaba, na waya uliobanwa ovyo unaota ukutu wa kijani, unapata joto, skrubu inalegea, na siku moja unasikia harufu ya plastiki. Menya waya kwa urefu unaoingia wote kwenye kichwa chake, shaba isionekane nje. Tumia vile vikofia vya chuma kwa waya wa nyuzi nyuzi, kaza, kisha uuvute kwa mkono kuona kama unashika. Usiunge waya kwa selotepu ndani ya ukuta. Kwenye mashine ya nje, waya uingie kutokea chini ukiwa na kijitumbo, yaani umeachwa uning'inie kidogo chini ya tundu, maji ya masika yadondoke kabla hayajafika ndani, na tundu lizibwe vizuri. Mijusi hupenda joto la bodi na la kontakta, ile swichi kubwa inayowasha kompresa. Nimewakuta wamekauka katikati ya vichwa viwili vya umeme, na AC nzima imelala kwa sababu hiyo.

Kuhusu umeme kukatika na kurudi: gesi ndani ya kompresa inahitaji dakika tatu hivi presha yake itulie pande zote mbili. Ukiiwasha kabla ya hapo, kompresa inajaribu kusukuma dhidi ya presha, inavuta umeme mwingi, inaunguruma bila kuzunguka. Ndiyo maana themostati nzuri inasubiri. Watu wanadhani imeharibika, wanaanza kubonyeza bonyeza. Iacheni isubiri, na kama ina mpangilio wa kuchelewesha, usiuzime. Ongeza na gadi ya kulinda volti, ila soma ampi zake. Ile ndogo ya friji haibebi AC. AC nayo iwe na waya wake kutoka kwenye breka yake, usiichukulie umeme kwenye soketi ya pasi. Na kazi ya volti 230 mpe fundi mwenye leseni ya EWURA. Mwombe akuonyeshe, asiye nayo atakupa hadithi.

Wenye nyumba Lushoto, kule milimani, najua baridi ya Juni na Julai huko si mchezo, na AC inayotoa joto ina maana. Themostati ya mashine kama hiyo ina kichwa kimoja cha ziada, O au B, kinachogeuza mzunguko wa gesi. Kikiwekwa kinyume, unaomba joto unapata baridi. Kwa wa Tanga mjini, ingia kwenye mipangilio uchague "kupooza tu", vinginevyo asubuhi ya kusi yenye mvua inaweza kukuwashia joto usilolihitaji.

Ukimaliza kufunga, usiridhike kwa kuona imewaka. Iweke nyuzi 26, washa feni ya dari, funga milango, kisha kaa umngoje kompresa azime mwenyewe, halafu ungoje tena mpaka awake mwenyewe. Fundi anayeaga kabla ya hapo ni wa waja leo waondoka leo, mrudishe. Kisha chukua kalamu isiyofutika, andika ndani ya kifuniko cha themostati kila waya unakwenda wapi na volti zake ni ngapi, piga picha, umtumie mwenye nyumba.