Shilingi 20,000 na rafu moja ya ushairi: mimi ningenunua hivi

Dada wa Ahero, swali lako nimelisoma mara mbili kabla ya kujibu. Mna chumba kimoja cha maktaba kanisani, rafu tatu za mbao, shilingi 20,000 za harambee na vijana watatu waliojitolea kukaa zamu. Wasomaji wenu wengi ni wanafunzi wanaoingia kutafuta vitabu vya mtihani kisha wanaenda zao. Unataka rafu moja iwe ya ushairi, na unataka kitabu kimoja au viwili vya kuwaonyesha hao vijana maktaba ni kitu gani hasa. Walionitangulia kujibu wamekupa orodha ya vitabu thelathini. Mimi nitakutajia vichache, maana rafu ya ushairi nimeshawahi kuiua kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilifanya kazi ya maktaba Kisumu miaka kumi na moja kabla ya kuhamia shule moja upande wa Maseno. Mwaka wa kwanza nilikabidhiwa pesa kidogo za fasihi, nikazimaliza kwa diwani, yaani vitabu vya mashairi: nakala moja moja ya kila mshairi niliyemsikia chuoni. Nikazipanga kwa namba kama nilivyofundishwa. Mwaka ulipoisha nikafungua kadi za kuazimia, nyingi hazikuwa na hata muhuri mmoja. Kilichochakaa kwa kuazimwa kilikuwa ni mwongozo wa kujibu maswali ya ushairi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kipuuzi kabisa. Diwani ni kitabu chembamba, mgongo wake ni kama wa daftari. Ukiisimamisha kati ya kamusi na riwaya nene, inamezwa, msomaji haoni jina wala mwandishi. Halafu kuna zile namba. Katika mpangilio wa Dewey, zile namba za kupangia vitabu maktabani, ushairi wa Kiingereza umepewa 821, basi. Wa Kiswahili ni 896.3921. Lebo yenye tarakimu saba utaibandika wapi kwenye mgongo wa kitabu cha kurasa themanini? (Bwana Dewey alipanga dunia mwaka 1876 akiwa Marekani, sisi tukapata nafasi mwisho wa foleni.) Nilikuja kuzitoa zote rafuni nikazitia kwenye kreti la soda juu ya meza, majalada yakimtazama anayeingia, kama muuza kaseti wa zamani pale stendi. Wiki hiyo hiyo mikono ikaanza kupekua. Kwa hiyo kabla hujanunua kitabu, tafuta kreti, na kwenye lebo andika USH kwa kalamu ya wino mzito, yatosha.

Kosa la pili lilinichukua muda kuling'amua, na aliyenionyesha hakuwa mwalimu. Kulikuwa na mzee mmoja, askari wa usiku kwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu nasi. Alikuwa akija saa kumi na moja jioni kusoma gazeti kabla ya zamu. Ujana wake aliumaliza Mombasa, kuli wa bandari ya Kilindini. Siku moja akaokota kwenye kreti Malenga wa Mvita, diwani ya Ahmad Nassir ya mwaka 1971, akaanza kusoma kwa kunong'ona. Meza ya pili walikuwa watoto wa Kidato cha Pili na kazi yao ya Kiswahili, wanahesabu kwa vidole.

"Mnahesabu nini?"

"Mizani, Jaduong'."

"Mizani ya samaki?"

Wakacheka. Akageuza ukurasa, akasafisha koo, akaliimba shairi zima kwa sauti ya taarab aliyoizoea Mombasa. Si kwamba alikuwa na sauti nzuri. Lakini alipomaliza ubeti wa kwanza hakuna aliyekuwa anahesabu. Akawaambia, "Ukiimba, hesabu inakuja yenyewe. Ikipungua hata moja, sauti inajikwaa." Akawapa mfano: akaondoa silabi moja makusudi, na kweli sauti ikajikwaa, hata mimi niliyekuwa kaunta niliisikia. Halafu maneno yaliyowashinda akawafungulia moja moja: ndiya ni njia, nti ni nchi, mato ni macho. Mjaluo wa Nyando akiwafundisha watoto wa Kisumu Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, na mimi mwenye cheti cha ukutubi nimekaa natazama.

Watoto wetu wanajua majina yote ya ufundi wa shairi: vina, ukwapi na utao, inkisari na tabdila. Wanajua kwa sababu karatasi ya tatu ya Kiswahili inauliza. Lakini wengi hawajawahi kusikia shairi likiimbwa hata mara moja. Ni kama kumfundisha mtu majina ya nyuzi nane za nyatiti bila kumpigia. Tangu siku ile nikibeba diwani dukani huwa nafungua katikati na kusoma ubeti mmoja kwa sauti ya chini. Usipokaa mdomoni, naurudisha kitabu kilipokuwa. Wenye duka wameshanizoea.

Sasa ununuzi wenyewe. Bora nakala nne za vitabu vitano kuliko nakala moja moja za ishirini. Shairi lataka wasomaji wanne wenye kitabu kile kile mkononi, mmoja aanze na wengine waitikie kibwagizo. Usitarajie kuvipata vyote siku moja, vingine ni vya zamani na utavikuta kwa wauza vitabu vya mitumba.

Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla iwe ya kwanza. Wasimulie vijana kisa chake kabla hawajaifungua. Mwaka 1969 alihukumiwa miaka mitatu kwa karatasi iliyouliza Kenya twendapi, na mashairi akayaandika gerezani juu ya karatasi za chooni. Kikachapwa 1973, na mwaka uliofuata kikapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Nimewaona wavulana waliokuwa wamelala mezani wakiinua vichwa wakifika hapo. Lugha ni Kimvita, itawasumbua. Ng'ang'ana nacho, tena tafuta mtu wa Ahero aliyewahi kufanya kazi Mombasa. Hamkosi, kila kijiji huku kina mmoja.

Cha pili ni Malenga wa Ziwa Kuu cha Wallah bin Wallah. Jina lake watoto wanalijua tangu shule ya msingi kwa vile vitabu vya Kiswahili, ila wengi hawajui kwamba ni mshairi, wala kwamba ziwa kuu linalotajwa ni hili letu. Hapa ndipo ninapogombana na walimu wenzangu wanaoongea kana kwamba shairi likitoka pwani na kuvuka Voi linapoteza pumzi.

Na ziwa hilo hilo, ng'ambo ya Tanzania, kuna kisiwa cha Ukerewe alikozaliwa Euphrase Kezilahabi. Kichomi chake cha 1974 kilizua ugomvi ambao haujatulia hadi leo, maana alitupa vina na mizani akaandika mashairi huru. K. Amri Abedi, aliyetoa Sheria za Kutunga Mashairi miaka ishirini kabla, alikuwa ameshikilia kwamba shairi ni wimbo, lisiloimbika si shairi. Nunua vyote viwili uviweke bega kwa bega. Mimi moyo wangu uko kwa Amri, mmeshaona kwa nini, lakini nakiri Kichomi ndicho nilichompa kijana mmoja wa bodaboda aliyeniambia mashairi ni mambo ya maulidi. Alikaa nacho mwezi mzima. Alipokirudisha kilinuka petroli, na akauliza kama huyu mtu ana kingine.

Ukitaka kitabu cha kuwasaidia vijana wenyewe kuelewa huu ugomvi, Tungo Zetu cha Ibrahim Noor Shariff, cha 1988, kitawatosha. Nakala moja tu, ya ofisini.

Lakini pesa nyingi mimi ningezielekeza kwa Lawino. Song of Lawino ya Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda, ilitoka kwa Kiingereza 1966, na kuna Wimbo wa Lawino, tafsiri ya Kiswahili ya Paul Sozigwa. Okot huyu si mgeni kwetu: mwishoni mwa miaka ya 1960 alifanya kazi Kisumu, na mwaka 1968 aliongoza tamasha la sanaa papa hapa mjini. Wimbo huo aliuandika kwanza kwa Kiacholi, ndugu wa Kijaluo, kiasi kwamba mtu wa Ahero akiona jina Wer pa Lawino haulizi wer ni nini.

Sababu ya pili ya kukitaka ni kwamba ndani yake kuna shtaka dhidi yako na dhidi yangu. Lawino anafika mahali anailalamikia nyumba ya mumewe, Ocol, kwamba ni msitu wa giza wa vitabu. Mume kasoma hadi kapotelea humo. Nilikisoma kipande hicho kwa sauti siku moja mbele ya akina mama wa kikundi waliokuwa wakitumia ukumbi wetu kwa mkutano wa merry-go-round. Mmoja akapiga makofi, akasema, "Huyo mume ninaye nyumbani." Wakadai niendelee, na daftari la michango likasubiri nusu saa. Kuna mshairi mwingine, Jorge Luis Borges wa Argentina, aliyepewa ukurugenzi wa maktaba ya taifa mwaka 1955 akiwa karibu kupofuka kabisa. Akatunga shairi akisema siku zote aliiwazia pepo kama maktaba. Ni zuri sana. Vijana wako waanze na Lawino. Mtu anayekaa mlangoni mwa chumba cha vitabu ajue kwanza anavyoonekana na aliye nje.

Kwa Kiingereza ongeza mashairi ya Marjorie Oludhe Macgoye. Alikuja Kenya 1954 kama muuza vitabu wa misheni, akaolewa Ujaluoni, akaishi Kisumu. Lile shairi lake la Atieno, mtoto wa miaka minane anayefanyishwa kazi kwa mjomba, limepita shule nyingi, lakini lisomwe tena nje ya mtihani. Onyo tu: usilisomee watu bila kujua nani yuko chumbani. Nililisoma, msichana mmoja akatoka nje, na hakurudi siku ile.

Vitabu kuhusu maktaba nitavipita haraka. Cha Ranganathan, yule mwalimu wa hisabati wa Madras aliyegeuka mkutubi, usinunue. Kanuni zake tano zinaenea kwenye karatasi moja ya manila, ziandike ukutani: vitabu ni vya kutumiwa, kila msomaji na kitabu chake, kila kitabu na msomaji wake, okoa muda wa msomaji, maktaba ni kiumbe kinachokua. Alizitoa 1931. Mwaka huo huo Nairobi ilifunguliwa maktaba ya McMillan, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Weka habari hizo mbili karatasi moja, vijana watazungumza wenyewe.

The Camel Bookmobile ya Masha Hamilton, riwaya ya 2007, nunua ukiiona. Imechota kwenye maktaba ya ngamia iliyoanzishwa Garissa 1996. Mwandishi ni Mmarekani na wakati mwingine jangwa linampendeza kupita kiasi, ila ameuliza swali ambalo mtalipata mwezi wa kwanza: mtu mmoja asiporudisha kitabu, kijiji kizima kikatiwe huduma? Sisi tulikuwa tunatoza faini, na matokeo yake mwenye deni la shilingi mia haji tena maisha yake yote. Hapa shuleni nimeifuta kwa upande wa diwani. Kijana mmoja alipoteza Malenga wa Ziwa Kuu kwenye matatu ya kwenda Luanda, mji wa jirani yetu. Akaja na daftari. Kumbe kabla ya kukipoteza alikuwa amenakili mashairi tisa kwa mkono, kibwagizo kwa wino mwekundu. Nililifunika plastiki nikalitia kwenye kreti. Linaazimwa kuliko kitabu chenyewe kilivyoazimwa.

Neno moja kuhusu misaada. Mkishajulikana mtaletewa maboksi. Mimi niliwahi kupokea sita: mwongozo wa kodi za nchi ya watu, kilimo cha bustani wakati wa theluji, na juzuu nne za mashairi yenye majina yaliyopambwa kwa dhahabu ambayo hakuna aliyeyagusa. Vilikula rafu mbili na sikuwa na ubavu wa kuvitupa. Omba orodha kabla ya boksi.

Usimalize pesa zote. Acha kama 3,000 za plastiki ya kufunikia, gundi na uzi wa kushonea, maana diwani zinafumuka upesi zikianza kupendwa. Nina nakala ya pili ya Sauti ya Dhiki, jalada la nyuma halipo lakini kurasa zote zimo, nimezihesabu. Nitapita Ahero Ijumaa nikienda Awasi. Niambie kanisa ni lipi, na kama yule kijana wa zamu ya jioni atakuwepo saa kumi.