Sahani ya jirani haijarudi: nifanyeje?

SWALI: Assalaam alaykum shehe. Nimehamia Mikindani kutoka Tandahimba, huu mwezi wa pili, na majirani ni salamu tu. Mmoja ni mjane. Nilimpelekea mchuzi, sahani hajairudisha hadi leo. Mwingine ni Mkristo. Mkono wangu mfupi mpaka msimu wa korosho. Je, kupeleka kitu kidogo si kumdharau mtu?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullah. Hapana dada yangu, si dharau. Mtume (s.a.w.) aliwausia wanawake wa Kiislamu, jirani asidharau kumpa jirani mwenzake hata kwato la mbuzi. Na alimwusia sahaba wake Abu Dharri akipika mchuzi azidishe maji, awaangalie majirani. Hakumwambia azidishe nyama.

Basi usingoje korosho. Ukikuna nazi yako moja, kamua tui zito uliweke kando, kisha tia vikombe viwili vya maji ukamue tena. Samaki wachemkie kwenye tui hilo jepesi. Tui zito litie mwisho, ukikoroga lisikatike. Sahani ya jirani imepatikana na mchuzi haukupwaya. Uipeleke kabla ya magharibi, naye hajabandika chungu. Kiporo ambacho wewe mwenyewe hukitamani kiache: aya ya 267 ya Al-Baqara inakataza kutoa kile ambacho tungepewa sisi tungekipokea kwa kufumba macho.

Bibi Aisha, mkewe Mtume, alimwuliza, kati ya majirani wawili ampe yupi. Akajibiwa: ambaye mlango wake uko karibu zaidi.

Sasa sahani. Kwetu sahani hairudi tupu, na desturi hii nzuri humbana asiye na kitu, akaona haya kuirudisha. Usimtume mtoto kuidai. Nenda mwenyewe ukaazime mbuzi ya nazi, au kinu. Akikuazima, naye amekutendea wema, hakubaki mpokeaji tu, na sahani itatoka yenyewe. Wengi wetu tunajua kutoa, kuomba hatujui, na hapo ndipo ujirani unapokwama. Suratul Maa'un inawalaumu wanaozuia vyombo. Sahaba Ibn Mas'ud alivitaja: sufuria, shoka, ndoo. Ila cha kuazima kirudishe siku hiyohiyo, kimeoshwa. Katika madhehebu yetu ya Shafii kikipotea au kikivunjika nje ya matumizi uliyoruhusiwa, unakilipa, hata kama hukuzembea.

Huyo Mkristo ana haki ya jirani kamili. Sahaba Abdullah bin Amri alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza, tena akarudia: mmempelekea jirani yetu Myahudi? Naye akikuletea ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, ipokee kwa mikono miwili.

Jihadhari na masimbulizi, yaani kumsimanga mtu kwa ulichompa, maana Al-Baqara 264 inasema hubatilisha sadaka. Hata mtoto unayemtuma, mfundishe asitangaze njiani anapeleka nini na kwa nani. Mjane yule ana majirani wengine, nao wanasikia.

Wallahu a'alam.