Maswali ya Wasomaji: Gazeti Dogo la Chuo, Kurasa Nane na Mchungaji Anayetaka Kusoma Kwanza

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Lubumbashi, kwa wanafunzi wa vyuo vidogo vya makanisa. Karibu zote zinahusu jambo moja, namna ya kupashana habari chuoni, kwa hiyo tumeziweka pamoja.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, ndugu wahariri. Chuo chetu ni cha Kiprotestanti, hatufiki wanafunzi 300. Tulikuwa na gazeti. Lilitoka mara mbili likafa. Tunataka kulifufua. Tuanzie wapi? (Kamati ya wanafunzi, Kampemba)

JIBU: Anzeni kwa kuuliza lile la kwanza lilikufa na nini. Magazeti ya vyuo huuawa na mambo mawili. La kwanza ni pesa: toleo la kwanza lina wafadhili kwa sababu ni jipya, la pili linachangiwa kwa huruma, la tatu halina mtu. Jambo la pili ni kwamba kazi yote ilikuwa ndani ya kompyuta ya mtu mmoja, naye akatetea TFC yake (kazi ya kumalizia masomo) akaenda zake. Basi msichape toleo la kwanza kabla hamjapata pesa ya matoleo matatu, na naibu mhariri awe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili, mwenye nakala ya mafaili yote kwenye flashi yake.

Matoleo matatu kwa muhula yanatosha: moja masomo yanapoanza, moja katikati, moja wiki tatu kabla ya mitihani. Gazeti la kila wiki katika chuo cha watu 300 ni ndoto. Habari hazifiki huko, na waandishi ndio hao hao wenye TP na intero (kazi na majaribio ya darasani).

Ukubwa unaofaa ni kurasa 8 za A5, yaani karatasi 2 za A4 zilizokunjwa katikati. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Mkiandika kurasa 6 au 10 mtabaki na kurasa tupu. Kwa herufi za ukubwa wa 10, ukurasa mmoja wa A5 unabeba maneno kama 300 bila picha. Mkitoa jalada, picha na matangazo, gazeti zima ni maneno yapatayo 1,800. Mwambieni kila mwandishi idadi yake ya maneno kabla hajaandika. Ukimwachia aandike anavyojisikia, mtakesha mkikata.

Hesabu ya karatasi: nakala 150 mara karatasi 2 ni 300. Ongezeni 20 za kuharibika. Ramu moja ina 500, kwa hiyo ramu 2 zinakaribia kumaliza muhula mzima. Duka la fotokopi linahesabu kwa upande, si kwa karatasi, na hapa ndipo wengi hushangaa: nakala 150 ni pande 600. Ulizeni bei ya upande mmoja, zidisheni kwa 600, ndipo mpange michango. Kama parokia au shule jirani ina mashine ya stensili (karatasi mama ambayo wino hupita na kuchapa nakala), ulizeni pia. Pale mnalipia stensili 4, moja kwa kila upande, na kila nakala inayofuata inagharimu kidogo sana. Kwa nakala 30 fotokopi ni nafuu. Kwa 150 stensili mara nyingi inashinda.

Matangazo ya biashara yanasaidia, lakini msidai pesa taslimu kwanza. Mwenye duka la fotokopi akikubali kupunguza bei kwa kupewa robo ukurasa, mmepata zaidi ya ambacho angetoa mfukoni. Kwa uongozi wa chuo vilevile: ombeni ramu za karatasi. Karatasi hutoka upesi kuliko faranga.

Kuhusu habari zenyewe. Gawaneni vituo kama watu wa posta: mmoja apite aparitorati (ofisi ya masomo) na kwenye valvu (ubao wa matangazo) kila Jumatatu, mmoja maktabani (vitabu vilivyoingia, saa za kufungua), mmoja kwa kamati ya homu, yaani bweni (maji, umeme unaokatwa kwa zamu, jiko), mmoja kwa kwaya na ibada, mmoja michezo. Habari ikikosekana, kuna historia. Wanafunzi wangapi wanajua kwamba makanisa ya Kiprotestanti yalifungua chuo kikuu Kisangani mwaka 1963, na kwamba mwaka 1971 serikali ilikiunganisha na vile vya Kinshasa na Lubumbashi kuwa UNAZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire)? Hiyo peke yake ni ukurasa wa 7.

Tatizo kubwa la uandishi wa kikanisa ni shukrani. Tazameni habari hii, ya aina tunayoletewa kila mara: «Tunamshukuru Mungu aliyetuwezesha kuandaa semina ya kufana kuhusu uandishi wa TFC, itakayofanyika Jumamosi, wote mnakaribishwa kwa wingi.» Jumamosi gani? Wapi? Iandikeni hivi: «Semina ya kuandika TFC: Jumamosi tarehe 14 Machi, saa 3 asubuhi (9h00) hadi saa 6 (12h00), oditwari ya 2. Njoo na mada yako kwa sentensi moja. Wanaoalikwa ni wa mwaka wa tatu tu. Viti ni 60.» Mungu hatachukia, na watu watafika. Hilo la kuandika saa kwa namna mbili si pambo: kwetu mmoja akisikia saa 3 anafikiri asubuhi, mwingine anahesabu kwa Kifaransa anakuja baada ya chakula cha mchana.

Lugha? Uamuzi rasmi unukuliwe kwa Kifaransa kama ulivyobandikwa, chini yake maelezo kwa Kiswahili. Mengine yote Kiswahili.

SWALI: Yaya wahariri, sura za watu kwenye gazeti letu zinatoka nyeusi tii, macho hayaonekani. Tena kurasa zilichanganyika, ukurasa wa 3 ukaangukia baada ya wa 6. Mashine ni mbovu? (Mpangaji kurasa, Katuba)

JIBU: Mashine haina kosa. Sura inaharibika mara tatu kabla ya kufika kwake.

Mara ya kwanza ni wakati wa kupiga. Mnamsimamisha mtu mbele ya ukuta mweupe au mbingu ya saa sita, simu inapima mwanga wa nyuma, na sura inabaki gizani. Msimamisheni kwenye kivuli cha mwembe au cha veranda, uso ukielekea uwazi, nyuma yake kuwe na kitu cha rangi ya wastani. Mara ya pili ni WhatsApp: picha ikitumwa kama picha inabanwa. Itumeni kama dokima (faili), ibaki na ukubwa wake. Kwa upana wa ukurasa wa A5 mnahitaji pikseli 1,300 hivi. Mara ya tatu ni fotokopi ya fotokopi. Kila kizazi kinaongeza weusi, na cha tatu hakina macho tena. Chapeni mama wa gazeti (nakala ya kwanza) kwa printa ya leza, nakala zote zitoke kwa huyo mama, na mwambieni fundi aweke mashine kwenye hali ya picha, si ya maandishi. Kabla ya hapo ongezeni mwanga kwenye picha mpaka ionekane imepauka kupita kiasi kwenye skrini. Kwenye karatasi itakuwa sawa. Jaribuni nakala moja kwanza, msiagize 150 kwa imani.

Na kwaya ya watu 40 msiiweke kwa picha moja ya A5. Kila kichwa kitakuwa kama punje ya maharagwe. Pigeni waimbaji watatu kwa karibu.

Mpangilio wa kurasa una hesabu rahisi: kwenye kila upande wa karatasi, namba mbili zikijumlishwa lazima zitoe 9, yaani idadi ya kurasa na moja juu yake. Karatasi ya kwanza mbele ina 8 kushoto na 1 kulia, nyuma yake 2 na 7. Karatasi ya pili mbele ina 6 na 3, nyuma 4 na 5. Mkichapa pande mbili kwa wakati mmoja, chagueni kugeuza kwa upande mfupi. Mkigeuza kwa upande mrefu, ukurasa wa nyuma utasimama kichwa chini. Acheni sentimita 1 tupu pande zote, maana mashine haifiki ukingoni.

Faili lipelekwe kwa PDF, si Word. Kompyuta ya dukani ikikosa herufi zenu inaweka nyingine, mistari inasogea, na ukurasa wa 8 unazaa wa 9. Wakati wa mvua, Novemba hadi Machi, ramu iliyofunguliwa ivikwe mfuko wa plastiki: karatasi yenye unyevu hukwama mashineni, nanyi mtalipia zile zilizokunjamana. Stepla ndefu ikikosekana, fungueni ya kawaida, wekeni gazeti juu ya kipande cha ndala, bonyezeni kwenye mkunjo, kisha kunjeni miguu ya pini kwa kijiko.

SWALI: Mchungaji wa chuo anataka kusoma kila kitu kabla hakijachapwa. Wenzetu wanasema huko ni kuzibwa mdomo. Na je, tuandike juu ya dada aliyesimamishwa na kamati ya nidhamu? Chuo kizima kinajua. (Mhariri, komuni ya Kenya, Lubumbashi)

JIBU: Chuo ni cha kanisa na gazeti linabeba jina lake, atakuwapo mtu wa kusoma. Msibishane kama asome. Bishaneni asome vipi, na muandike kwenye karatasi moja yenye sahihi zenu na yake. Mambo manne: nani anasoma (mtu mmoja, si baraza), kwa muda gani (saa 48; akikaa kimya gazeti linachapwa), anaweza kuondoa nini, na kwamba sababu ataitoa kwa maandishi. Tumeona gazeti likikaa mezani mwa mtu mpaka tarehe zake zote zikapita. Muda ndio unaoua, kuliko kalamu nyekundu. Wekeni pia akiba ya makala moja ya maneno 250 isiyopitwa na wakati, ili kitu kikiondolewa usiku wa mwisho pengo lizibwe bila kupanga upya kurasa zote.

Kuhusu dada huyo: hapana. Msidhani kuficha jina kunatosha. Katika chuo cha watu 300, «mwanafunzi wa kike wa mwaka wa pili anayekaa homu» tayari ni jina. Kinachofaa kuandikwa ni kanuni: ibara gani ya kanuni za ndani inatumika, adhabu zake ni zipi, mwanafunzi ana haki ya kujieleza mbele ya nani, rufaa inapelekwa wapi na ndani ya siku ngapi. Hayo yatamsaidia yeye na yule atakayeitwa kesho. Mengine hayasaidii mtu.

Matokeo ya proklamasyo (siku ya kutangaza waliofaulu) mnaweza kuyatoa kwa idadi: waliojiandikisha, waliofanya mitihani, waliofaulu, kwa kila promosyo (wanafunzi wa mwaka mmoja wa masomo), kutoka kwenye karatasi yenye sahihi za jury (jopo la watahini). Majina ya walioanguka yaacheni yabaki kwenye valvu. Habari ya msiba isubiri mpaka mtu wa familia au mchungaji aithibitishe kwa sauti yake. Mzazi asisome kifo cha mwanawe kwenye gazeti lenu. Na mkikosea juu ya mtu, maelezo yake yatoke toleo linalofuata, ukurasa ule ule, herufi za ukubwa ule ule.

SWALI: Kwenye WhatsApp ya promosyo iliandikwa kwamba mitihani imesogezwa wiki moja. Wengine walisafiri hadi Likasi. Ilikuwa uongo. Tutajuaje? (Shefu wa promosyo, Ruashi)

JIBU: Tangazo la chuo lina tarehe, sahihi na muhuri. Maandishi yaliyochapwa upya na mtu si tangazo, hata yakianza kwa «Urgent». Kama shefu, jiwekee desturi hii: piga picha ya karatasi nzima kwenye valvu, kona zote nne zionekane, na usiitume kabla ya kupita aparitorati kuuliza kama bado inasimama. Halafu fungua kikundi cha pili ambamo ni wewe na naibu wako tu mnaoandika. Kile cha kwanza kibaki cha maneno na vichekesho. Anayeanzisha uongo ajue pia kwamba sheria ya Congo ya mambo ya dijitali (Code du numérique), ya Machi 2023, inaadhibu kueneza habari za uongo mtandaoni.

Angalieni vilevile saa ya matangazo yanayotoka Kinshasa. Lubumbashi iko mbele kwa saa moja. Mkutano wa mtandaoni wa 9h00 Kinshasa kwetu ni 10h00, na usajili unaofungwa 16h00 kule kwetu unafungwa 17h00.

SWALI: Mwanangu yuko mwaka wa kwanza na ameingia kwenye hilo gazeti. Naogopa masomo yatamshinda, na minervali (ada ya masomo) nimelipa kwa shida. (Mama wa mwanafunzi, Kamalondo)

JIBU: Mama, shikamoo. Tupige hesabu. Kwa mfumo wa LMD (licence, masta, doktora) muhula una kredi 30, na kredi moja ni kazi ya saa 25, darasani na nyumbani pamoja. Ni saa 750. Zikigawanywa kwa wiki 16 zinakuwa kama saa 47 kwa wiki, tayari ni kazi ya mtu mzima. Mwandishi wa kituo kimoja anahitaji saa 2 au 3 kwa wiki, na hizo zinapatikana. Mhariri au mpangaji kurasa hutumia zaidi ya 10 wiki ya kuchapa, na hiyo si nafasi ya mtoto wa mwaka wa kwanza. Muulize ana kazi gani pale. Kama ni kupita maktabani na kuandika mistari 15, mwache. Kama ndiye mwenye kompyuta, mwambie atafute naibu wiki hii, na toleo la kabla ya mitihani asilishike yeye.